Kukua Upya kwa Neva Baada ya Jeraha la Uti wa Mgongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ishara za Kimolekuli

Katika majibu haya, uti wa mgongo ni ule mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili, si mifupa yenyewe. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini neva ya mkono iliyokatwa hukua tena, lakini zile za uti wa mgongo hazikui?

Sehemu kubwa ya jibu ni mazingira. Neva ya mkono imezungukwa na seli za Schwann. Aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva unaopeleka ujumbe, ikikatwa, seli hizo huwasha jeni ya c-Jun na kubadili kazi: huacha kutengeneza mayelini (ganda la mafuta linalofunika aksoni), husafisha mabaki, hujipanga mstari na kumwaga vichocheo vya ukuaji kama NGF, BDNF na GDNF. Aksoni hupita katikati yao kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku.

Ndani ya uti wa mgongo mayelini hutengenezwa na oligodendrosaiti, ambazo hazina mpango wa ukarabati wa namna hiyo. Usafi nao huenda polepole mno. Mabaki ya mayelini hukaa miezi, na kwa binadamu hata miaka, yakiwa yamebeba protini zinazozuia ukuaji.

Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal walipandikiza kipande cha neva ya mguu kiwe daraja kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo wa panya. Aksoni za mfumo mkuu wa neva (ubongo na uti wa mgongo) zilikua ndani ya daraja hilo hadi karibu milimita 30. Zilipotokea upande wa pili na kuingia tena kwenye uti, zilisimama baada ya mwendo mfupi. Kwa hiyo uwezo wa kukua upo, ila kuna kitu ndani ya uti kinachouzima.

Sehemu ya pili ya jibu iko ndani ya seli yenyewe. Tazama swali la 9.

2. Ishara hizi hasa ni nini?

Ni molekuli zinazoiamuru aksoni ikue, isimame, igeuke au irudi nyuma. Nyingine zimeshikamana na utando wa seli jirani, nyingine zimejaa kwenye tandiko lililo kati ya seli, nyingine huelea kwenye majimaji. Zote huishia kwenye vipokezi vilivyo kwenye ncha ya aksoni, na kutoka hapo taarifa hupita hadi kwenye kiunzi cha ndani cha ncha au husafiri kurudi hadi kwenye kiini cha seli na kubadili jeni zinazosomwa.

3. Nini hutokea saa na siku za kwanza baada ya jeraha?

Pigo lenyewe huchukua sekunde. Madhara makubwa zaidi huja baadaye. Seli zilizopasuka humwaga glutameti, kemikali ambayo neva hupashana nayo habari, glutameti hufungua milango ya kalsiamu, na kalsiamu ikizidi ndani ya aksoni huamsha vimeng'enya viitwavyo kalpaini vinavyokatakata kiunzi cha seli. Mishipa midogo ya damu huvuja. Neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, hujaa ndani ya siku ya kwanza, na makrofaji, seli zinazomeza mabaki, hufuata na kufikia kilele takriban wiki ya kwanza, zikichochewa na ishara za uvimbe TNF-α na IL-1β.

Ncha za aksoni zilizokatwa hurudi nyuma na kuvimba kuwa vifundo. Santiago Ramón y Cajal alivichora vifundo hivyo zaidi ya karne moja iliyopita na kuvihesabu kuwa ncha zilizoshindwa. Leo inajulikana kwamba nyingi ziko hai na zinahangaika papo hapo, zimenaswa.

Damu inayovuja huleta pia faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ambayo hubeba TGF-β, mojawapo ya ishara zinazoziamuru astrosaiti (seli saidizi za neva zenye umbo la nyota) kuanza kujenga kovu. Kwenye panya kovu hilo huwa limekomaa ndani ya takriban wiki mbili.

4. Seli ya neva hufa aksoni yake ikikatwa?

Inategemea umbali. Jeraha likiwa karibu na mwili wa seli, hatari ya kufa ni kubwa. Likiwa mbali, kama ilivyo kwa seli za gamba la ubongo ambazo aksoni zao hushuka hadi kiunoni, nyingi hubaki hai ingawa husinyaa. Seli iliyosinyaa bado inaweza kuamshwa, na ndiyo maana watafiti hawajakata tamaa na majeraha ya zamani (swali la 14).

## Vizuizi vilivyo nje ya aksoni

5. Nogo-A ni nini, na kwa nini inatajwa sana?

Ni protini iliyo kwenye utando wa oligodendrosaiti. Martin Schwab na wenzake wa Zurich walionyesha miaka ya 1980 kwamba mayelini ya mfumo mkuu wa neva huzuia ukuaji, kisha mwaka 1990 walionyesha kwamba kingamwili inayoifunika sehemu ya kizuizi hicho huruhusu aksoni chache za panya kupita eneo la jeraha. Jeni yake ilitangazwa mwaka 2000 na timu tatu kwa wakati mmoja.

Kipande chake kimoja hushika kipokezi NgR1. Kipokezi hicho hakina mkia wa kuingia ndani ya seli, kwa hiyo hushirikiana na LINGO-1 pamoja na p75 au TROY ili kupitisha amri. Protini nyingine mbili za mayelini, MAG na OMgp, hutumia mlango huohuo.

Sasa lile lisilopendwa kusemwa. Mwaka 2003 timu tatu zilitoa matokeo ya panya waliozaliwa bila Nogo: moja iliona aksoni nyingi zikikua, ya pili iliona chache, ya tatu haikuona kitu. Mwaka 2010 ziliripotiwa panya walioondolewa Nogo, MAG na OMgp kwa pamoja, na maabara mbili zikapishana tena. Hitimisho la busara ni kwamba kuondoa vizuizi vya mayelini husaidia zaidi uchipuaji wa aksoni ambazo hazikukatwa kuliko urefukaji wa zile zilizokatwa.

6. RhoA na ROCK zinaingia wapi?

Hapa ndipo vizuizi vingi vinapokutana. Nogo-A, MAG na hata molekuli za kovu, ingawa vipokezi vyao ni tofauti, huishia kuwasha swichi iitwayo RhoA. RhoA huamsha kimeng'enya ROCK, ROCK hukaza miosini, protini inayovuta, na kuzuia nyuzi za aktini za kiunzi cha seli zisijengwe upya, na ncha ya aksoni hujikunja.

Kwa kuwa njia nyingi hukutana hapo, kuzima RhoA kulionekana njia ya mkato. Sumu ya bakteria iitwayo C3 hufanya hivyo kwa kuibandika RhoA kipande cha ADP-riboz. Yaliyotokea ilipojaribiwa kwa watu yako swali la 15.

7. Kovu ni adui au mlinzi?

Vyote viwili, na anayekuambia ni kimoja tu amesoma nusu. Kovu lina tabaka. Katikati kuna seli za tishu unganishi, nyingi zikitokana na perisaiti za kuta za mishipa ya damu. Pembeni kuna astrosaiti zilizosukana kuwa ukuta.

Ukuta huo hufungia uvimbe usisambae. Panya walioondolewa astrosaiti hizo walipata madhara makubwa zaidi: seli za uvimbe zilienea, neva zaidi zilikufa, na mwendo uliharibika. Mwaka 2016 timu ya Michael Sofroniew ilikwenda mbali zaidi, ikazuia kovu lisijengwe au ikaliondoa baada ya kujengwa. Aksoni hazikukua katika hali zote mbili. Zilikua kovu likiwepo, mradi zimepewa vichocheo vinavyofaa.

Kinachozuia ndani ya kovu ni hasa proteoglikani za kondroitini salfeti: nyurokani, brevikani, vesikani, agrekani na NG2. Hizi ni protini zenye minyororo mirefu ya sukari iliyobeba salfeti. Minyororo hiyo hushika kipokezi PTPσ, kilichotambuliwa mwaka 2009, na ndugu yake LAR. Ncha ya aksoni hunata hapo: haisongi mbele wala hairudi.

8. Kondroitinase ABC inafanyaje kazi, na tatizo lake ni nini?

Ni kimeng'enya kutoka bakteria Proteus vulgaris. Hukata minyororo ya sukari na kuacha kiini cha protini. Mwaka 2002 timu ya Elizabeth Bradbury huko London ilionyesha kwamba panya waliopewa kimeng'enya hicho walirudisha sehemu ya mwendo. Baadaye kilisaidia matumizi ya mkono kwa nyani, na kwa mbwa wa kufugwa wenye majeraha ya muda mrefu kilileta nafuu ya kiasi katika uratibu wa miguu.

Kinavyokwama:

- Kwenye nyuzi joto 37 hupoteza nguvu ndani ya siku chache, huku kovu likiendelea kutoa minyororo mipya. Sindano moja haitoshi.
- Hakisambai mbali. Uti wa binadamu ni mnene mara nyingi kuliko wa panya.
- Ni protini ya bakteria, hivyo mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake.
- Jeni yake ikipandikizwa kwa kirusi kibebaji, kazi huendelea kwa muda mrefu, lakini lazima kuwe na namna ya kuizima.

Hilo la mwisho si la ziada. Minyororo hiyohiyo hujenga nyavu zinazozunguka seli za neva na kutuliza mabadiliko ya sinapsi, yaani maungio kati ya seli za neva. Ukizilegeza kupita kiasi unafungua njia kwa miunganiko mibaya, ikiwemo ya maumivu. Njia nyingine inayofuatwa ni peptidi zinazoingia ndani ya seli na kuvuruga PTPσ, bila kugusa sukari zenyewe.

## Uwezo ulio ndani ya seli

9. PTEN na mTOR zina uhusiano gani na ukuaji wa aksoni?

Kurefusha aksoni kunahitaji protini mpya kwa wingi, na mTOR ndiyo inayosimamia utengenezaji huo. Kwenye seli za gamba la ubongo, utendaji wa mTOR hushuka kadiri mnyama anavyokua, na hushuka tena baada ya jeraha. Protini PTEN huchangia kuushusha: huondoa fosfeti kwenye lipidi PIP3, na bila PIP3 mnyororo wa Akt hadi mTOR hulala.

Timu ya Zhigang He huko Boston iliifuta jeni ya PTEN, kwanza kwenye neva ya jicho (2008), kisha kwenye njia ya gamba la ubongo hadi uti wa mgongo (2010). Njia hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na aksoni zake zilivuka eneo la jeraha. Ukiongeza kufuta SOCS3, inayozuia ishara ya STAT3, ukuaji kwenye neva ya jicho huwa mkubwa na hudumu zaidi.

Kwa nini basi dawa ya kuzima PTEN haipo hospitalini? Kwa sababu PTEN ni mojawapo ya kinga kuu za mwili dhidi ya saratani, na kuifuta moja kwa moja ndani ya ubongo wa mtu ni hatari. Njia za kuizima kwa muda tu zimeonyesha matokeo dhaifu kuliko kuifuta jeni.

10. Ni kweli kwamba kujeruhi neva ya mguu kunaamsha uti wa mgongo?

Ni kweli, kwa seli za hisia pekee. Kila seli ya hisia iliyo kando ya uti ina tawi linalokwenda mguuni na jingine linalopanda ndani ya uti. Mwaka 1999 Simona Neumann na Clifford Woolf walionyesha kwamba neva ya mguuni ikikatwa wiki moja au mbili kabla ya jeraha la uti, tawi la ndani hukua hadi kupita jeraha.

Tawi la nje linapokatwa, kalsiamu na kimeng'enya kiitwacho DLK hupeleka habari hadi kwenye kiini. Huko huwashwa jeni za ukuaji kama ATF3, STAT3, Sox11 na GAP-43, na cAMP, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli, hupanda. cAMP ikiwa juu, MAG (swali la 5) haiogopwi tena. Kwenye seli changa za hisia za panya, ambazo bado zina cAMP nyingi, MAG husukuma ukuaji badala ya kuuzuia.

Tawi la ndani likikatwa peke yake, ishara hiyo haiji au huja dhaifu. Hii si tiba ya kumkata mtu neva. Thamani yake ni orodha ya jeni ambayo imewapa watafiti.

11. Mbona vichocheo vya ukuaji visidungwe tu moja kwa moja?

Vilidungwa sana. Kwanza, kila aksoni ina vipokezi vyake: NGF hushika TrkA, BDNF hushika TrkB, NT-3 hushika hasa TrkC. NGF huwavuta wabeba maumivu na haizigusi aksoni za gamba la ubongo, na matokeo ni maumivu makali bila mwendo. BDNF nyingi chini ya jeraha inaweza kuongeza mkazo wa misuli. Hata umbo lina maana: proNGF, yaani NGF kabla haijakatwa, hushika p75 pamoja na sotilini na kuua seli badala ya kuilea.

Pili, mahali. Aksoni hujazana pale penye kichocheo kingi na kukataa kuondoka, kama sisimizi kwenye sukari. Inatakiwa kiwango kiongezeke kadiri unavyosogea mbele, halafu kipungue nyuma.

12. Je, semaforini, efrini na RGMa?

Ni ishara za mwelekeo zinazotumika mimba inapokua, na jeraha huzirudisha. Sema3A, mojawapo ya semaforini, hutoka hasa kwenye tishu ya katikati ya kovu, efrini kwenye astrosaiti. RGMa hushika kipokezi neojenini na huishia kwenye RhoA (swali la 6). Kingamwili dhidi ya RGMa zimefika kwenye majaribio ya binadamu.

## Kufika si kupona

13. Aksoni zikishavuka jeraha, kwa nini mnyama hatembei?

Kwa sababu kuvuka ni hatua moja. Baada ya hapo aksoni lazima ifike kwenye seli sahihi, itengeneze sinapsi, ivikwe mayelini, na mtandao ujifunze kuitumia.

Mwaka 2009 aksoni za hisia za panya ziliongozwa kwa NT-3 hadi kwenye kiini chao cha asili katika shina la ubongo. Sinapsi zilionekana kwa hadubini ya elektroni, lakini umeme haukupita: aksoni hazikuwa na mayelini. Kwenye njia ya macho tatizo hilohilo lilipunguzwa mwaka 2016 kwa dawa inayoziba milango ya potasiamu, na panya wakapata tena sehemu ya kuona.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa mwaka 2018 na 2023. Michael Anderson na wenzake walitumia mambo matatu kwa pamoja. Wiki kadhaa kabla ya jeraha, kirusi kibebaji kilipeleka vichocheo osteopontini, IGF1 na CNTF kwa seli za neva. Ndani ya jeraha waliweka vichocheo FGF2 na EGF ili tandiko lenye laminini, protini ambayo aksoni hukanyagia, lijengeke. Ng'ambo ya jeraha waliweka GDNF ya kuvuta. Aksoni zilivuka jeraha kamili, lakini wanyama hawakutembea. Mwaka 2023, kwenye panya wadogo (spishi iitwayo mouse kwa Kiingereza), walichagua kundi maalumu la seli za uti wa kifua na kuzivuta hadi eneo la kiunoni linalopokea aksoni hizo kwa kawaida. Safari hii panya walitembea. Aksoni zikivuka tu na kuishia popote, hakuna nafuu.

14. Jeraha la mwaka mzima au zaidi bado lina nafasi?

Kibayolojia, ndiyo, kwa kiasi. Kufuta PTEN mwaka mmoja baada ya jeraha bado kuliamsha ukuaji kwenye panya, ingawa kwa kiwango kidogo. Kinachobadilika ni kwamba kovu limekomaa, misuli imepungua, na sinapsi za chini zimepangwa upya. Viungo vilivyokakamaa haviponi kwa molekuli, na mtu asiyefanyiwa mazoezi atakosa pa kuzitumia aksoni mpya hata zikija.

## Kutoka maabara hadi kwa watu

15. Kuna dawa iliyothibitishwa ya kukuza neva za uti wa mgongo kwa binadamu?

Hapana. Mbili zilizokwenda mbali:

VX-210, inayotokana na C3 ya swali la 6, ilipakwa juu ya utando wa uti wakati wa upasuaji, ndani ya saa 72 tangu jeraha la shingo. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2018 baada ya tathmini ya kati kuonyesha kwamba halingefikia lengo.

NG101, kingamwili dhidi ya Nogo-A, ilijaribiwa katika nchi nne za Ulaya kwa watu waliojeruhiwa shingo. Walidungwa miligramu 45 kwenye majimaji ya uti mara 6, sindano ya kwanza ikitolewa kati ya siku ya 4 na ya 28 baada ya jeraha. Kati ya watu 126 waliochambuliwa, nguvu za mikono baada ya takriban miezi 6 hazikutofautiana vya kutosha na za waliopewa dawa bandia. Dalili za nafuu zilionekana kwa wenye jeraha lisilo kamili, lakini huo ni uchambuzi wa pili, unaohitaji jaribio jipya.

16. Kwa nini kinachofaulu kwa panya hukwama kwa watu?

Umbali kwanza. Kutoka shingoni hadi kiunoni mwa mtu mzima ni zaidi ya sentimita 25. Kwa milimita 1 kwa siku, hiyo ni zaidi ya siku 250 za ukuaji usiokatika. Kwa panya ni sentimita chache. Njia ya gamba la ubongo kwa panya hupita zaidi sehemu ya nyuma ya uti, kwa binadamu hupita pembeni. Panya wadogo hujaza jeraha kwa tishu. Panya wakubwa (spishi iitwayo rat) na binadamu hubaki na uwazi wenye majimaji, ambamo aksoni haina pa kukanyaga.

Halafu kuna wakati. Majaribio mengi ya panya huanza tiba siku ileile au hata kabla ya jeraha. Mtu anaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kuimarika kiasi cha kukubali tiba ya majaribio.

17. Nitajuaje kama utafiti umeonyesha aksoni zilizokua upya kweli?

Kosa linalojirudia ni kuhesabu aksoni ambazo hazikukatwa tangu mwanzo. Angalia haya:

- Jeraha lilikuwa kamili, au kulibaki tishu upande mmoja?
- Aksoni inaonekana ikitoka kwenye eneo la kovu, au iko tu ng'ambo? Aksoni iliyonyooka, katika njia yake ya kawaida, pasipo kupinda wala kutoa matawi, mara nyingi ni iliyosalia.
- Mipaka ya jeraha ilipakwa rangi ya GFAP ili kuonyesha astrosaiti?
- Uti ulikatwa tena juu ya jeraha mwishoni? Nafuu ikipotea, aksoni zilizovuka zilihusika. Isipopotea, sababu iko kwenye mtandao wa chini.
- Alama za mwendo (BBB ya 0 hadi 21 kwa panya wakubwa, BMS ya 0 hadi 9 kwa wadogo) zilitolewa na watu wasiojua mnyama yupi alitibiwa?

18. Mtu akipata nafuu, ina maana neva zake zimekua upya?

Kwa kawaida hapana. Nafuu ya miezi ya kwanza hutokana na uvimbe kupungua, mayelini kurudi na aksoni zilizosalia kuchipua matawi mafupi. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwa panya kwamba aksoni za gamba la ubongo zilizokatwa hutoa matawi juu ya jeraha, hushika seli za uti ambazo aksoni zao hupita pembeni, na kutengeneza njia ya kuzunguka. Matawi yaliyopata seli zenye njia ya kushuka yalidumu, mengine yalipotea. Kichocheo cha umeme juu ya utando wa uti nacho hutumia aksoni zilizosalia na mtandao wa kiunoni, hakiunganishi zilizokatika.

19. Kliniki inayouza seli shina au vidonge vya kukuza neva iaminike?

Uliza kwanza kama jaribio limesajiliwa, kama lina kundi la kulinganishia, na kama mgonjwa analipishwa. Tiba ya majaribio halali kwa kawaida hailipishwi na mgonjwa. Seli zilizopandikizwa vibaya zinaweza kuota uvimbe ndani ya uti, na kesi za namna hiyo zimechapishwa, ikiwemo baada ya kupandikizwa tishu ya puani. Vidonge vya vitamini B husaidia aliyepungukiwa navyo. Havizimi PTEN wala kufungua kovu.

20. Samaki na panya wachanga huponaje?

Samaki aina ya zebra aliyekatwa uti huogelea tena ndani ya wiki 6 hadi 8. Seli zake za glia, yaani seli saidizi za neva, zikiongozwa na protini Ctgfa, hujenga daraja badala ya ukuta. Mwaka 2020 ilionekana kwamba panya wa siku mbili nao hupona karibu bila kovu: mikroglia zao, seli za kinga za mfumo mkuu wa neva, hutoa protini faibronektini inayofunga pengo, pamoja na vizuia-proteasi (vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata protini) vinavyotuliza uvimbe. Mikroglia zikiondolewa, uponaji huo huharibika. Mikroglia za panya wakubwa kiumri zilipotibiwa kwa vizuia-proteasi na kupandikizwa kwenye jeraha, kovu lilipungua na baadhi ya aksoni zilivuka.